Niliitwa Usiku Nisisikie

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa kusikia kabla hatujajua kusema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa wanaokaa darsani kwangu baina ya Magharibi na Isha. Ikiwa ndivyo, basi umenisikia zaidi ya mara moja nikiwasema vijana wanaolala na hedifoni masikioni, vile vidude vya waya ambavyo mtu hujitia katika matundu ya masikio akasikiza muziki peke yake hata usingizi ukamchukua. Nilisema maneno makali. Nilisema kwamba kijana wa namna hiyo amelikodisha sikio lake kwa shetani, na kwamba hana tofauti na maiti, ila maiti hapigiwi ngoma. Watu walicheka, nami nikafurahi kuona wamecheka.

Leo sikuandika ili kuwasema vijana. Nataka kueleza habari yangu mwenyewe, maana haifai mtu akemee kwa sauti ya juu kisha atubie kwa sauti ya chini. Nisome kwa subira mpaka mwisho, kisha unihukumu.

Nyumba yangu iko Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Twakaa humo mimi na mke wangu, binti yetu, na mjukuu wetu wa kiume aliye na miaka 17. Jina lake sitalitaja. Ana haki yake ya sitara, na utaona huko mbele kwamba yeye alinisitiri mimi kabla mimi sijajua kumsitiri yeye.

Usiku mmoja niliamka kuswali, nikapita ukumbini alipolala. Nikamkuta amelala chali, waya umemzunguka shingoni, na kwenye masikio yake yatoka sauti nyembamba kama ya mbu aliyenaswa ndani ya kopo. Nilivuta ule waya kwa ghadhabu. Mtoto akaruka kitandani kwa hofu, hajui kama ni mwizi au ni moto. Nikamwambia, "Ukifa usiku huu, malaika watakukuta na nini masikioni?" Akasema, "Nisamehe, babu." Hakuongeza neno. Nikazichukua zile hedifoni, nikazitia katika mtoto wa meza yangu, pamoja na miwani ya kusomea, nikafunga.

Kesho yake darsani nikakisimulia kisa kile. Sikutaja jina, lakini wote walijua ni nani, kwa kuwa nina mjukuu mmoja tu wa rika lile, naye alikuwa amekaa pale pale, kwenye safu ya tatu, ameinamisha kichwa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, ndugu msomaji, nami sikuliona kuwa ni kosa. Niliona nimetoa mawaidha.

Sasa sikiza la pili. Mtu akipita miaka 60 usingizi humpa talaka. Hulala mapema, akaamka saa saba ya usiku, akabaki akihesabu boriti za dari. Mimi hali yangu ndiyo hiyo kwa muda wa miaka kadhaa. Mwanangu aliyeko Dubai alikuwa ameniletea simu, na mjukuu wangu akanionyesha namna ya kusikiza humo visomo vya Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini mke wangu ni mgonjwa na usingizi wake ni mwepesi, nami sikutaka kumwamsha. Basi usiku mmoja nikafungua mtoto wa meza kwa polepole, nikazitoa zile hedifoni nilizomnyang'anya mtoto, nikajitia masikioni.

Siku za mwanzo nilisikiza Qur'ani tu. Kisha usiku mmoja, katika kupekua-pekua, ikanijia picha ya Umm Kulthum amesimama na leso yake mkononi. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Tulipokuwa watoto, jirani yetu mmoja alikuwa na redio kubwa ya mbao, na alijua kuitafuta Kairo katika masafa mafupi. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kuimba usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na redio ya Misri ikamrusha hewani, ulimwengu wa Kiarabu mzima ukakaa kimya. Pale mtaani petu wazee walijaa barazani, kahawa ikapita, na sisi watoto tukakaa chini vidatuni. Alipokufa mwezi wa Februari 1975 mimi nilikuwa kijana wa miaka 15, na nakumbuka namna wazee wale walivyokaa baraza ile ile bila ya kusemezana, kama waliofiwa na mtu wa nyumbani.

Basi kidole changu kikabonyeza, nami nikausikiza wimbo wake wa Inta Omri, ule ambao Muhammad Abdul Wahab alimtungia sauti yake mwaka 1964. Wimbo mmoja huchukua karibu saa nzima. Sitakudanganya, ndugu msomaji. Nilipata ladha ambayo sikuipata kwa miaka mingi. Ganuni lilikuwa kama lapigwa ndani ya kichwa changu. Redio ya jirani yetu ilikuja na mikwaruzo, na vikohozi vya wazee, na mlio wa vikombe. Hii ilikuja safi, hapana mtu isipokuwa yule mwimbaji na mimi gizani. Nikalala usingizi mzito mpaka adhana ya Alfajiri.

Kesho yake nikarudia, na keshokutwa. Na utazame namna jambo linavyomwingia mtu. Wiki ya kwanza nilikuwa nikisoma nyiradi zangu za kulalia, kisha nikisikiza. Wiki ya tatu nikawa nasikiza kwanza, kisha nasoma. Ulipotimia mwezi, nasikiza, na usingizi wanichukua sijasoma kitu. Na kila asubuhi nilizikunja zile nyaya, nikazirudisha mahali pake, nikageuza ufunguo.

Moyo wa mtu haukosi wakili. Nilianza kujitafutia hoja. Nikajikumbusha kwamba wanazuoni wamekhitalifiana katika muziki tangu zamani. Wako walioukataza kabisa, na wako walioruhusu kwa masharti. Imamu Ghazali katika Ihya Ulumiddin ametenga kitabu kizima juu ya usikizaji, na humo ameangalia maneno yanayoimbwa, na chombo kinachopigwa, na hali ya yule anayesikiza, na kule mtu kulifanya jambo hilo kuwa ndiyo kazi yake ya kila wakati. Nikazishika ruhusa zake, nikayapita masharti yake mbio. Wala sikutaka kukumbuka kwamba wanazuoni walio wengi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i wamevikataza vyombo vya nyuzi, na ganuni ni nyuzi tupu.

Kisha nikageukia kwa matabibu. Nikajiambia kwamba Waislamu walijenga hospitali kule Edirne, katika nchi ya Waturuki, mwaka 1488, na kwamba msafiri Evliya Celebi ameandika kuwa wagonjwa wa humo walikuwa wakipigiwa muziki ili watulie. Na wataalamu wa zama zetu nao wamekusanya majaribio mengi, wakatoa hukumu yao mwaka 2022 kwamba mtu mzima asiyepata usingizi huenda akalala vizuri zaidi akisikiza muziki kabla ya kulala. Haya yote ni kweli, wala siyakanushi leo. Lakini mimi sikuyatafuta kwa ajili ya kujua. Niliyatafuta kama mdaiwa anavyotafuta mashahidi. Na wakati huo wote sikumwambia mjukuu wangu hata moja katika hoja hizi. Yeye nilimwachia katazo, nami nikajiwekea ruhusa.

Sasa nakuja kwenye usiku wenyewe.

Mke wangu ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na hujipiga sindano ya insulini. Kwa sababu ya kidonda kilichokuwa mguuni mwake twalala vitanda viwili katika chumba kimoja, na baina yetu pana meza ndogo. Usiku ule alijipiga sindano yake kama kawaida, lakini chakula hakukipenda, akala tonge mbili tatu akaacha. Mimi sikuangalia. Nilikuwa na haraka ya taa kuzimwa.

Mwenye kutumia insulini akila kidogo, sukari yake yaweza kushuka usiku, na kushuka huko ni hatari kuliko kupanda, kwa kuwa hakungoji kesho. Mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, ulimi humwia mzito, akili humpotea. Na akiachwa huzimia, na huweza kufa. Mke wangu aliamka katika hali hiyo kwenye saa nane na nusu ya usiku. Hakuweza kuinuka. Akaniita kama anavyoniita siku zote, "Mwalimu!" Akaniita tena. Akaniita mara ya tatu. Nilikuwa umbali wa mikono miwili kutoka kwake, nimeelekea ukutani, macho yako wazi. Sikuwa hata nimelala. Huko kwenye masikio yangu watu wa Kairo walikuwa wakipiga makofi.

Akanyoosha mkono kutafuta maji juu ya meza, kikombe kikaanguka kikavunjika. Mimi sikusikia. Aliyesikia ni yule mtoto, kule ukumbini, mwenye masikio wazi kwa sababu mimi nilimnyang'anya vya kuyazibia. Akaja mbio, akawasha taa. Akaniita, "Babu! Babu!" wala sikuitika. Ndipo aliponitikisa bega, nami nikakaa kitandani, waya waning'inia shingoni, mwanga waniumiza macho, na mke wangu nikamwona amelowa jasho kama aliyetoka kuoga, macho yake hayamjui mtu.

Nilisimama pale kama mti. Mtoto hakusimama. Alikuwa amefundishwa na muuguzi siku aliyomsindikiza nyanya yake kliniki. Akamchoma ncha ya kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ya kupimia, nayo ikaonyesha 2.3, na chini ya 4 tayari ni hatari. Akakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, akamwinua, akahakikisha kwamba aweza kumeza, akamnywesha kwa polepole. Mwenye kuzimia hapewi kitu mdomoni, ila hukimbizwa hospitali. Lakini yeye alikuwa bado ameza, alhamdulillahi. Zikapita dakika 15, akampima tena, ikawa imepanda. Akampa tena kidogo, na kipande cha mkate.

Katika kuhangaika huko zile hedifoni zilianguka chini. Zilikuwa zake, naye alizijua. Binti yangu alikuwa ameshaamka, nyayo zake zasikika zaja. Mtoto akainama, akaziokota, akazikunja, akazitia chini ya mto wangu. Hakunitazama usoni. Alizitia tu, kisha akageuka kushika mkono wa nyanya yake.

Binti yangu alipoingia akauliza, "Baba, si uko hapa hapa? Hukumsikia mama?" Nikamwona mtoto amefungua kinywa. Nikajua lile atakalolisema, kwamba babu alikuwa amelala sana. Ndugu msomaji, sijawahi kuona haya kama niliyoyaona wakati ule. Nilimfedhehesha mbele ya watu mia, naye yuko tayari kunisemea uongo ili nisifedheheke mbele ya mtu mmoja. Nikamkatiza. Nikasema, "Sikusikia kwa sababu nilikuwa nimeziba masikio. Nilikuwa nasikiza nyimbo." Nikauinua mto, nikawaonyesha.

Hapana aliyesema kitu. Mke wangu, akili zilipomrudia, alisema neno moja ambalo bado lanikaa moyoni. Alisema, "Nilikuita mara tatu. Nikadhani umekufa." Maana katika miaka yetu 41 ya ndoa hakuwahi kuniita usiku nisiitike. Alipokosa kuitikwa, hakudhani kwamba nimeghafilika. Alidhani ni mauti.

Tangu usiku ule nimekuwa nikilifikiri sikio. Jicho lina kope. Mtu akitaka kulala hulifunga. Kinywa kina midomo. Lakini sikio Mwenyezi Mungu hakulipa kifuniko. Mtu hulala kila kiungo chake, na sikio lake likabaki mlangoni kama bawabu. Mama hulala katikati ya ngurumo za mvua asiamke, lakini mtoto wake akikohoa kidogo huamka. Aliyelala akiitwa jina lake hushituka upesi kuliko akiitwa jina la mwingine. Na ukisoma kisa cha watu wa pangoni katika Suratul Kahf, utaona kwamba Mwenyezi Mungu alipotaka kuwalaza miaka mia tatu na tisa, ametaja kuyaziba masikio yao. Wafasiri wamesema yametajwa masikio kwa kuwa usingizi wa mtu huvunjwa kwa kusikia. Basi yule bawabu aliyewekwa na Mola kulinda nyumba yangu, mimi nilimfunga kwa mkono wangu kila usiku, kwa ajili ya ladha.

Wala si sisi Waislamu tu tulioliona jambo hili. Mjukuu wangu amenisomea habari ya mashine ndogo ya kanda iitwayo Walkman, ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiuza huko Japani tarehe 1 Julai 1979, na ndiyo iliyozoesha watu kutembea na kulala na muziki masikioni. Mkuu wa kampuni, Akio Morita, amesimulia katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwamba alipoipeleka nyumbani kuijaribu, mkewe alikasirika, akajiona amefungiwa nje. Kwa hiyo ile mashine ya kwanza ikatiwa matundu mawili ya hedifoni ili wasikize watu wawili, na kitufe cha rangi ya machungwa ambacho ukikibonyeza muziki huteremka na maikrofoni ndogo ikawawezesha kusemezana. Mashine zilizofuata ziliacha kile kitufe. Nimekitafakari sana kitufe kile. Mwenye kuitengeneza aliona kwa macho yake, mbele ya mkewe, hatari ya chombo chake.

Na juu ya hayo kuna madhara ya sikio lenyewe. Ndani ya sikio mna vinyweleo vya uhai vidogo mno, ndivyo vinavyopokea sauti, na vikifa kwa makelele havioti tena. Shirika la Afya Ulimwenguni limesema kwamba mtu mzima asisikize zaidi ya saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na kila sauti inapozidi desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu. Mwaka 2022 shirika hilo lilionya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja ulimwenguni wamo hatarini kwa sababu ya kusikiza namna hii. Na anayelala na hedifoni hazimi; sauti huendelea kumpiga yeye hajui. Tena wataalamu wa Chuo Kikuu cha Baylor, huko Texas, walieleza mwaka 2021 kwamba wimbo uliosikizwa karibu na kulala huweza kuendelea kujirudia kichwani, ukamwamsha mtu usiku. Hili nililijua kabla ya kusomewa: mara ngapi nilisimama kuswali Alfajiri, na katika rakaa ya pili nikasikia ganuni!

Baada ya siku mbili nilimwita mjukuu wangu chumbani. Nikamrudishia hedifoni zake, nikamwomba radhi kwa mambo matatu: kwa kumzindua kwa ghadhabu, kwa kumsema darsani, na kwa kujihalalishia kwa siri kile nilichomharamishia kwa dhahiri. Alitazama chini, akasema, "Babu, mimi nilijua. Waya ulikuwa hukunjwa vingine." Nikamwuliza, "Ulijuaje, na mtoto wa meza umefungwa?" Akasema, "Siku moja ulinituma miwani." Basi alijua mwezi mzima, naye alikuwa akija darsani, akikaa safu ya tatu, akinisikiza.

Na mke wangu, ndugu msomaji, lake lilikuwa jingine. Nilidhani atanilaumu kwa muziki. Jioni moja, hali yake imekuwa nzuri, akaniuliza, "Ulikuwa ukimsikiza nani?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe. Na sisi tulikuwa tukimsikiza, huku juu dirishani, nyinyi mko chini barazani. Mbona hukunambia?" Ndipo nilipofahamu maana ya kufungiwa nje. Mimi nilidhani nimemwepushia makelele ili alale. Yeye alikuwa macho upande wa pili wa meza, usiku mwingi tu, miguu yamchoma, hana wa kusema naye, akidhani mume wake amelala.

Hapa nakumbuka ile habari mashuhuri ya Bibi Fatma na Sayyidna Ali, walipokuwa wameshalala, Mtume (S.A.W.) akawajia akakaa nao, akawafundisha kumsabihi Mola mara 33, na kumhimidi mara 33, na kumtukuza mara 34, kabla ya kulala. Nimeisomesha hadithi hii miaka 40. Sikuwahi kuitazama kwa jicho hili, kwamba waliofundishwa ni wawili pamoja, kitandani pao, wote wawili wasikia. Sasa twaisoma mimi na mke wangu kwa sauti, yeye ahesabu kwa vidole vyake na mimi kwa vyangu. Siku nyingine hukosea hesabu akacheka. Kisha twazungumza kidogo, habari za watoto, habari za waliokufa. Usingizi wangu haujawa mzuri kama ule wa ganuni, sitasema uongo. Lakini nikiamka saa saba, huwa namsikia anavyovuta pumzi, nami hushukuru.

Basi haya ndiyo ninayokuusia, kwa kifupi.

Kwanza, suala la muziki wenyewe, uliza wanazuoni unaowaamini, ufuate ukweli wala usifuate wakili wa moyo wako. Mimi kwa nafsi yangu nimeacha.

Pili, hata ikiwa unachosikiza ni Qur'ani au mawaidha, ikiwa nyumbani mna mgonjwa, au mzazi mzee, au mtoto mchanga, usizibe masikio yako usiku. Sikio lako wakati huo si lako peke yako. Ni amana ya wale waliolala karibu nawe. Mwenye kutaka kusikiza na asikize ameketi, kabla ya kupanda kitandani, kwa sauti ya chini, kisha azime.

Tatu, mwenye mtu wa sukari nyumbani amwangalie anapokula, hasa usiku baada ya sindano. Kopo la sukari na maji viwe karibu na kitanda, na kila aliye nyumbani, hata watoto, ajue la kufanya. Kwetu aliyejua alikuwa ni mtoto.

Nne, na hili nalielekeza kwa wazee wenzangu. Usimfedheheshe mtoto kwa kosa lake mbele za watu. Hujui ni usiku gani utahitaji sitara yake.

Mjukuu wangu hulala sasa bila ya hedifoni, wala sikumwamuru. Nilipomwuliza kwa nini, na hali nimemrudishia, alijibu, "Nyanya huenda akaita." Nami nimekisogeza kitanda changu mpaka kimegusa ile meza. Juzi usiku wa manane mke wangu aliita, "Mwalimu!" kwa sauti ndogo tu, ataka maji. Nikasema, "Naam." Akasema, "Alhamdulillahi." Sijui alishukuru maji au alishukuru jibu.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafanya gizani, usitufedheheshe kwayo Siku ya Kiama. Yafanye masikio yetu yasikie haki, na yamsikie anayetuita, kabla haujafika wito ambao hapana awezaye kutoitika. Amin.